Sukari isishuke usingizini: kazi ambayo pampu ya insulini inaiweza na ile isiyoiweza

Pampu ya insulini inaweza kusimamisha insulini inayoingia mwilini, lakini haina namna ya kuitoa ile iliyokwisha kuingia. Anayetaka kulala salama aanze na jambo hilo, maana shida nyingi za usiku kwa mwenye pampu zinatokea hapo. Kuna watu wanaonunua kifaa cha gharama kubwa, wakakiwasha vizuri, halafu wakashangaa saa nane usiku kengele ikilia tena. Kifaa kizima kabisa. Insulini inayowashusha ilitiwa saa tatu, walipokuwa mezani.

Ninayoyaandika yanamhusu mwenye kisukari aina ya kwanza. Vipimo ni vya mmol/L, kama mashine nyingi za Afrika Mashariki zinavyosoma. Mwenye kifaa cha mg/dL azidishe kwa 18. Chini ya 3.9 sukari imeshuka. Chini ya 3.0 imeshuka kiasi cha kuuathiri ubongo.

Usiku una hatari yake. Mchana mwili hutoa taarifa: jasho, kutetemeka, njaa, moyo kwenda mbio. Kutetemeka na moyo kwenda mbio huletwa zaidi na adrenalini, na mwenye aina ya kwanza akilala adrenalini hiyo hutoka kidogo kuliko akiwa macho. Hata anayezijua dalili zake vizuri anaweza kulala fofofo huku sukari ikiwa 2.8. Katika utafiti mkubwa wa kisukari aina ya kwanza uitwao DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kuanzia 1983 hadi 1993, zaidi ya nusu ya matukio ya sukari kushuka vibaya yaliwapata watu wakiwa usingizini.

Pampu zilivyojifunza kujizima

Pampu za zamani zilitia kiasi kilichopangwa, basi. Mtu akishuka saa tisa usiku, pampu iliendelea kutia. Hatua ya kwanza ilikuwa kuiunganisha pampu na kihisi cha sukari kinachokaa chini ya ngozi, ili sukari ikifika kiwango fulani pampu ijizime kwa saa mbili. Kampuni ya Medtronic ilianza nayo Ulaya kwa Paradigm Veo mwaka 2009, na Marekani ikaruhusu MiniMed 530G mwaka 2013. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya jaribio la ASPIRE In-Home lenye watu 247: kipimo kinachojumlisha kina na muda wa sukari ya chini ya usiku kilipungua kwa asilimia 37.5 kwa waliotumia kujizima huko. Ni nafuu kubwa, lakini pampu ilikuwa inangoja mtu ashuke kwanza.

Hatua ya pili ni kukata kabla ya kushuka. Pampu ya MiniMed 640G hutazama dakika 30 mbele. Ikiwa sukari iko ndani ya 3.9 juu ya kikomo cha chini ulichoweka, na mwelekeo unaonyesha kwamba ndani ya nusu saa itafika 1.1 juu ya kikomo hicho au chini zaidi, insulini inakatwa. Basal-IQ, programu ya pampu za kampuni ya Tandem, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018, hukata ikitabiri kwamba sukari itakuwa chini ya 4.4 ndani ya nusu saa, na huifungua insulini mara sukari inapoanza kupanda.

Pampu za sasa hazingoji hata hapo. Zinapunguza insulini ya msingi, ile inayotiwa polepole saa zote, kidogo kidogo, na kuiongeza kidogo kidogo, usiku kucha. Programu ya Control-IQ kwenye pampu ya Tandem t:slim X2 ikiwa katika hali ya usingizi hulenga kati ya 6.25 na 6.7 na huacha kabisa kutoa dozi za kusahihisha za kiotomatiki, yaani zile za kushusha sukari iliyopanda. Kwa maoni yangu hilo la kuacha dozi ndilo lenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu marekebisho yote ya usiku yanafanywa kwa insulini ya msingi, ambayo programu inaweza kuipunguza tena dakika tano baadaye. MiniMed 780G hukuruhusu kuchagua lengo la 5.5, 6.1 au 6.7, na yenyewe huendelea kutoa dozi ndogo za kusahihisha hata usiku. Omnipod 5 huanzia 6.1 hadi 8.3, na unaweza kuweka lengo tofauti kwa saa tofauti. Mtoto mdogo, au mtu asiyezisikia dalili zake tena, aanze na lengo la juu usiku, 6.7 au zaidi, kisha alishushe wiki hadi wiki kadiri grafu inavyoruhusu.

Hesabu ya kabla ya kulala

Chukua mtu mzima anayetumia yuniti 40 kwa siku. Nusu yake ni insulini ya msingi, yaani yuniti 20, karibu 0.8 kwa saa. Gawanya 100 kwa 40 upate 2.5: yuniti moja inamshusha takriban 2.5 mmol/L. Basi pampu ikikata saa nzima imemwokolea yuniti 0.8, sawa na 2 mmol/L.

Sasa mtu huyo amekosea wanga wa chakula cha jioni kwa gramu 30, kosa la kawaida kabisa. Kwa uwiano wa yuniti moja kwa gramu 12 za wanga, amejitia yuniti 2.5 za ziada. Hizo zitamshusha zaidi ya 6 mmol/L. Ili pampu ifidie kwa kukata insulini ya msingi, inahitaji saa tatu kamili, na mifumo ya kukata peke yake kwa kawaida husimama saa mbili tu mfululizo. Tena kuna ucheleweshaji: insulini iliyotiwa dakika kumi kabla ya kukatwa bado inaelekea kilele chake, kwa hiyo matunda ya kukata huonekana vizuri baada ya saa moja hivi.

Gramu 30 za wanga zinapotea wapi? Kwenye ugali zinapotea kirahisi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa takriban gramu 75, kwa hiyo gramu 40 tu za unga mkavu zinatosha kuleta kosa lote lile. Usipime ugali kwa macho. Pima unga kabla haujaingia sufuriani, pima ugali wote ukiiva, kisha gawanya. Tuseme umetumia unga gramu 400, wanga gramu 300, na ugali ulioiva una gramu 1,200. Kila gramu 100 za ugali huo zina wanga gramu 25. Ukishafanya hivyo mara kadhaa kwa sufuria yenu na ugumu wa ugali wenu, namba unayo daima. Mizani ya jikoni ya bei nafuu inaokoa usiku mwingi.

Pilau na nyama choma zina tabia nyingine. Mafuta na protini huchelewesha wanga, hivyo dozi yote ikitiwa kwa mara moja mtu anashuka saa mbili za mwanzo kisha anapanda saa saba au nane usiku. Kwa pampu isiyo ya kiotomatiki, igawe dozi: kama asilimia 60 mwanzo wa kula na 40 isambae kwa saa mbili hadi tatu. Jaribu, angalia grafu, rekebisha mgawanyo. Kwenye pampu za kiotomatiki sehemu ya pili mara nyingi programu yenyewe huishughulikia.

Kabla ya kuzima taa tazama mambo matatu kwa pamoja: sukari, mshale wa kihisi unaoonyesha sukari inakoelekea, na insulini iliyobaki mwilini. Sukari 7.5 yenye mshale uliolala inapendeza macho. Lakini kama kuna yuniti 1.5 za dozi ya chakula zilizobaki, kwa mtu wetu yule hiyo ni 3.75 ya kushuka, na mwisho wake ni chini ya 3.9. Ndiyo sababu chakula cha jioni kiliwe saa tatu au nne kabla ya kulala inapowezekana. Pia muda wa insulini kubaki mwilini uwekwe kwa ukweli. Insulini za haraka kama NovoRapid na Humalog hufanya kazi saa nne hadi tano. Ukiweka saa mbili kwenye pampu ya kawaida, unaificha insulini ambayo bado ipo, na pampu itakushauri dozi juu ya dozi. 780G ni tofauti: huko saa mbili ndicho kiwango kinachopendekezwa, kwa kuwa programu yake inautumia muda huo kupanga dozi zake za kusahihisha.

Dozi ya kusahihisha ya saa tano usiku kwa sababu "imefika 11" ndiyo chanzo ninachokilaumu kuliko vyote. Kama pampu ni ya kiotomatiki, iache ifanye kazi. Kama si ya kiotomatiki, tia nusu ya dozi inayoshauriwa, weka kengele ya saa mbili baadaye, upime.

Mazoezi, pombe, mfungo

Misuli iliyofanya kazi jioni hurudisha akiba yake ya sukari usiku. Aliyecheza mpira saa kumi na moja jioni anaweza kushuka kati ya saa saba na saa kumi usiku, hata kama alilala na 9. Punguza insulini ya msingi kwa asilimia 20 kuanzia unapolala kwa saa sita. Pampu nyingi za kiotomatiki hazikuruhusu kupunguza hivyo, kwa hiyo weka lengo la muda la mazoezi: 8.3 kwenye 780G na Omnipod 5, kati ya 7.8 na 8.9 kwenye Control-IQ. Liwashe saa moja au mbili kabla ya mazoezi, sio unapofika uwanjani.

Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na athari yake hufika hadi asubuhi. Programu hailijui hilo. Inaona sukari tu. Kula chakula chenye wanga pamoja na kinywaji, pandisha lengo usiku huo, na mtu mmoja wa nyumbani ajue, kwa sababu aliyeshuka na aliyelewa wanafanana.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inageuka: saa za mwisho za mfungo ndizo za kushuka. Wenye pampu hushauriwa kupunguza insulini ya msingi kwa asilimia 20 hadi 40 katika saa tatu au nne za mwisho kabla ya futari. Dozi ya daku ihesabiwe kwa makini, maana wengi hurudi kulala baada yake huku insulini ikiwa kileleni. Chini ya 3.9 mfungo unavunjwa, iwe imebaki dakika kumi au saa kumi. Mpango huu upangwe na daktari au muuguzi wa kisukari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Kihisi kinapodanganya

Programu inaamini kihisi, na kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo kinachelewa dakika tano hadi kumi na kitu, zaidi sukari inapobadilika haraka.

Ukilalia kihisi, mgandamizo unazuia majimaji hayo na kusomeka kunaporomoka: 7.1, halafu 4.0, halafu 2.6, kisha ukigeuka kinarudi 6.8 ghafla. Mporomoko wa namna hiyo wenye kingo kali si sukari halisi, lakini pampu imeshakata insulini, na asubuhi utaamka na sukari ya juu. Kiweke kihisi upande usioulalia, au tumboni kama kihisi chako kinaruhusiwa hapo. Kengele ikilia na umelala juu ya mkono wenye kihisi, geuka kwanza, pima kidole, ndipo uamue.

Kusoma juu kuliko ukweli ni hatari zaidi, kwa sababu pampu hutia insulini isiyohitajika. Hapa dawa mbili zinawahusu sana watu wetu. Parasetamoli hupandisha usomaji wa vihisi vya Guardian vya Medtronic. Kihisi cha Dexcom G6 kinavumilia hadi gramu 1 kila saa sita. Nyingine ni hydroxyurea, inayotumiwa na wagonjwa wa selimundu. Inapandisha usomaji wa Dexcom na wa Guardian pia, na hapo pampu ya kiotomatiki haifai kutegemewa. Kidonge cha parasetamoli cha kabla ya kulala ni kitu ambacho hakuna anayekitaja kliniki asipoulizwa. Mwenye Guardian akimeza, azime hali ya kiotomatiki na kutumia kipimo cha kidole mpaka dawa iishe.

Vihisi vinavyohitaji kusawazishwa kwa kidole, visawazishwe mshale ukiwa umelala na mikono ikiwa imeoshwa kwa maji na sabuni. Kidole chenye utomvu wa embe husoma 14 wakati damu ina 6, na ukimpa kihisi namba hiyo, usiku mzima pampu itafuata uongo.

Mawasiliano nayo: mawimbi ya Bluetooth hayapenyi mwili vizuri. Pampu ikiwa kiunoni kulia na kihisi mkono wa kushoto, na wewe umelala katikati, yanakatika. Vilaze upande mmoja. Kihisi kikipotea kwa muda, dakika 20 kwa Control-IQ, pampu hurudi kwenye kiwango cha msingi ulichopanga wewe. Kwa hiyo kiwango hicho kiwe sahihi hata kama hukitegemei kila siku.

Kukihakiki si kigumu. Kula mapema chakula chepesi kisicho na mafuta mengi, ngoja saa nne, zima hali ya kiotomatiki, kisha usile wala kutia dozi. Pima saa nne usiku, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili asubuhi. Ikishuka zaidi ya 1.7, punguza insulini ya msingi kwa asilimia 10, kuanzia saa moja au mbili kabla ya pale mteremko ulipoanza. Jaribio likatishwe sukari ikifika chini ya 3.9. Na uangalie saa ya pampu: yenyewe huhesabu kutoka usiku wa manane, hivyo saa tisa usiku yetu ni 03:00, na aliyebadilisha betri au kusafiri anaweza kuiacha saa imegeuka mchana kuwa usiku.

Kengele ikilia

Mwenye pampu ya kiotomatiki hahitaji gramu 15 za sukari kila mara. Insulini imekwisha kukatwa kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo gramu 5 hadi 10 kwa kawaida zinatosha: vijiko viwili vya chai vya glukosi ya unga, vikiwa bapa, ni kama gramu 8. Chini ya 3.0, chukua 15. Usiziingize kwenye pampu kama wanga, itakutilia dozi. Pima kidole baada ya dakika 15. Kihisi bado kitaonyesha mshale wa chini kwa sababu kinachelewa, na anayemsikiliza kihisi hapo humaliza chupa nzima ya soda, yenye sukari zaidi ya gramu 30. Atafika 15, pampu itaongeza insulini, na kabla ya alfajiri atashuka tena.

Insulini ikikatwa muda mrefu kuna upande wa pili. Pampu ina insulini ya haraka tu, haina akiba ya ile ya muda mrefu. Ukiamka na zaidi ya 14, pima ketoni, asidi zinazojikusanya mwilini insulini ikikosekana. Zikiwa 0.6 au zaidi, mara nyingi kanula, kibomba kidogo kinachopitisha insulini chini ya ngozi, imepinda au imetoka. Jitie dozi ya kusahihisha kwa sindano, sio kwa pampu, kisha badilisha kanula. Ketoni zikifika 1.5 piga simu hospitali. Ndiyo maana kanula ibadilishwe asubuhi au mchana, kila siku mbili au tatu, ili ikigoma igome ukiwa macho. Joto na jasho la pwani hulegeza plasta. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, ongeza plasta juu.

Unapojaza insulini kwenye mrija wa pampu, uchomoe kwanza mwilini. Mrija unachukua yuniti kadhaa, na zikiingia kwa mtu badala ya kudondoka hewani, hakuna programu itakayoweza kuzifidia usiku ule.

Wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania wanatumia sindano, na baadhi ya haya yanawafaa vilevile. Anayetumia NPH, insulini ya muda wa kati, au mchanganyiko wake na ile ya haraka, saa moja jioni anakutana na kilele cha NPH kati ya saa tano na saa kumi na moja usiku. Kuitenganisha NPH na kuihamishia wakati wa kulala, kwa ushauri wa kliniki, husogeza kilele hicho kuelekea alfajiri. Kihisi peke yake chenye kengele, bila pampu, nacho ni msaada mkubwa.

Kila wiki mbili fungua ripoti ya kihisi na utazame usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi peke yake. Lengo la kimataifa ni chini ya asilimia 4 ya muda chini ya 3.9, na chini ya asilimia 1 chini ya 3.0, lakini asilimia 4 ya siku ni karibu saa nzima, na saa hiyo inaweza kuwa yote ni ya usingizini huku wastani ukionekana mzuri. Pampu ikikata kila usiku saa ileile, punguza insulini ya msingi. Ikikata baadhi ya siku tu, tafuta kilicholiwa au kilichochezwa jioni ile.

Mwisho, glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari. Mtu asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umchome sindano ya miligramu 1 pajani. Mtoto wa chini ya kilo 25 apewe nusu. Ile ya puani ni miligramu 3. Iwekwe mahali ambapo kila anayelala nyumba ile anapajua, tarehe yake ya kuisha iandikwe kwa kalamu nene juu ya kasha, na kila mmoja awe amefundishwa kuichanganya.